Mtoto Akila, Vigelegele Mtoni

Walimu wenzangu mliobaki kazini, mmeniomba niandike ninayoyakumbuka kabla hayajanipotea. Nimekubali, kwa sababu kumbukumbu bado ipo, na kuku ninaofuga sasa hawana subira ya kunisikiliza. Habari za vyeo na madaraja ya mshahara kaulizeni kwingine. Mimi nitasema habari za vinywa. Katika miaka yote niliyofundisha watoto wenye usonji, hesabu na kusoma havikunitoa jasho kama kinywa cha mtoto kilichofungwa mbele ya kijiko.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Busawe, wilaya ya Serengeti, kwenye kitengo cha elimu maalumu chenye chumba kimoja na madirisha mawili, moja likiwa na kioo. Nilifika na cheti kipya na shauku ya kuokoa dunia kabla ya saa sita. Saa nne uji ukaja. Nikamchagua mtoto aliyekuwa hajagusa kikombe chake, nikapiga magoti, nikamwimbia, nikampelekea kijiko mdomoni huku nikitabasamu kwa meno yote. Akakipiga kofi. Mwalimu Gesase, mkuu wa kitengo, mtu mrefu aliyevaa koti la suti hata jua linapochoma, alikuja taratibu akaitazama blauzi yangu iliyojaa uji.

“Mwalimu Perpetua,” akasema, “umeshiba?”

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mchache wa maneno, na maneno yenyewe aliyatoa kana kwamba anakatwa kodi. La kwanza: usimtazame mtoto mdomo. “Hata wewe,” aliniambia, “nikikukodolea macho hivi, hutameza.” Akanikodolea kweli nikiwa nakula kiporo cha viazi, na viazi vikanikwama. La pili: mtoto anayekataa chakula ana sababu yake, na wala si jeuri, si pepo, si kudekezwa. Kuna mtoto anayekula rangi, kuna anayekula harufu, kuna anayekula ubaridi. Kazi ya mwalimu ni kujua mtoto huyu anakula nini ndani ya kile chakula anachokikubali, kisha akitafutie chakula hicho ndugu.

La tatu lilikuwa kopo. Kopo tupu la mafuta ya kupikia, lililooshwa, likawekwa karibu na kila mtoto. Hilo ni kopo la kutemea. Wageni wakilitazama walikunja uso, lakini kopo lile limelisha watoto kuliko sufuria. Mtoto akijua mlango wa kutokea uko wapi, haogopi sana kuingia. Atakaa chumba kimoja na chakula kigeni, atakigusa, atakinusa, atakilamba, atakitafuna na kukitema, na siku akijisikia atameza. Kumeza ni juu kabisa ya ngazi, na ninyi vijana, samahani, mnapenda kuanza kupanda kutoka juu.

Nilianza kuyaelewa haya kwa mvulana mmoja wa Nyansurura, mtoto wa mfugaji. Alikunywa maziwa ya mgando tu, na ni lazima yatoke kwenye kibuyu cha nyumbani kwao. Tulipompa maziwa hayohayo kwenye kikombe cha plastiki, alikimbia hadi nje ya uwanja. Mwalimu Gesase akanusa kibuyu, akanusa kikombe, akanipa na mimi ninuse. Kibuyu kilinuka moshi, maana kule husafishwa kwa kijinga cha moto. Kikombe kilinuka sabuni. Tukamweleza baba wa mtoto kwamba kikombe nacho kinahitaji moshi. Mzee yule alikuwa mtiifu kupita kiasi. Kesho yake alituletea kitu cha bluu kilichojikunja kama sikio la mbwa.

“Nimekifukiza, mwalimu,” akasema kwa masikitiko, “lakini hakikustahimili.”

Tukapata kikombe cha bati, kikafukizwa, mtoto akanywa. Baadaye moshi tukaupunguza kidogo kidogo, hata ikafika siku akanywa kwenye kikombe chochote, kikiwemo changu, na chai yangu ikiwa ndani.

Mwalimu Gesase alipostaafu, nilihamishiwa wilaya ya Tarime, shule iliyo upande wa Nyangoto, ambako nusu ya wazazi ni wakulima na nusu nyingine wako chini ya ardhi wanatafuta dhahabu. Huko ndiko nilikompata Ghati. Nimefundisha watoto wengi, na mwalimu hatakiwi kuwa na kipenzi chake darasani. Basi tuseme sikuwa naye.

Aliletwa na bibi yake mzaa baba, Bibi Bhoke, kwa kuwa mama wa mtoto alikuwa ametoka kujifungua. Ghati alikuwa na umri wa kuanza shule, mwembamba kama mpini wa jembe, hasemi neno, na hakutaka mtu amguse hata nywele.

“Shikamoo mama,” nikamsalimu bibi.

“Marahaba. Huyu ni Ghati. Anakula ukoko.”

“Na nini kingine?”

“Si nimekwambia? Ukoko.”

Nilikwenda kwao kuona kwa macho yangu. Ilikuwa kweli. Ghati alikula ule ukoko mkavu wa ugali unaobaki chini ya sufuria, basi. Na ukoko haupikwi peke yake. Asubuhi na jioni Bibi Bhoke alisonga ugali wa kulisha harusi, kwenye sufuria kuukuu nyeusi, ili mwisho wa yote abandue vipande vichache vya mjukuu. Ugali wenyewe ulikuwa kama makapi. Walikula wao, wakala majirani, wakala wapita njia. Mbwa wa mji ule walinenepa hadi wakaacha kubweka. Walikuwa wanafungua jicho moja tu na kukuruhusu upite.

Lakini mtoto alikuwa anapungua. Daktari wa kliniki alikuwa amempima, akamwambia bibi kwamba damu imepungua, uzito unashuka, na kama hadi tarehe ya kurudi hajaanza kula kitu kingine chenye nguvu, itabidi alazwe na kupitishiwa mpira wa chakula puani. Bibi Bhoke alinieleza haya akiwa anageuza moto, bila kunitazama.

“Mwalimu, mtoto huyu hata kumchana siwezi. Huo mpira watampitishaje? Si watamfunga kamba kama ndama?”

Nilirudi nyumbani na lile neno kamba likaning'ang'ania siku nzima.

Kabla sijaanza kazi, baba yake akaanza ya kwake. Marwa alikuwa mchimbaji mdogo, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde hata akiwa anaomba chumvi. Alishuka kutoka kwenye maduara yake, yale mashimo ya dhahabu, akiwa na zawadi ya kumheshimu mama yake: jiko la gesi na sufuria za kisasa, zile nyeusi ndani, zinazong'aa, ambazo chakula hakishiki. Majirani walikuja kuzitazama. Sufuria kuukuu Marwa akaibeba kwenda nayo duarani ikachotee maji, ili mama yake asionekane tena na chombo cha aibu.

Mnaona kitakachotokea. Marwa hakuona. Bibi akasonga ugali, akapakua, akachungulia ndani. Chini kulikuwa safi. Akasonga tena, akauacha motoni muda mrefu, ugali ukaanza kunuka, na bado ukateleza wote ukatoka. Ghati aliinama akatazama ndani ya sufuria, akamtazama bibi yake, akaenda kukaa nyuma ya mlango. Hakula siku hiyo. Hakula kesho yake. Ndipo nikaitwa.

Nilimkuta Marwa ameshika kiuno uani.

“Shikamoo mwalimu. Sasa huyu mtoto ni wa kubembelezwa mpaka lini? Sisi zamani ukikataa obokima, huu ugali wetu, unakula fimbo.”

“Marahaba. Na wewe ulikuwa unakataa?”

“Nilikuwa nakula!”

“Basi hukuwa na shida yake. Sufuria ya zamani iko wapi?”

“Duarani.”

“Kailete.”

Alitaka kubishana, lakini Bibi Bhoke alitoka jikoni na mwiko mkononi, na Marwa akakumbuka kwamba ana haraka. Alirudi kwenye bodaboda amepakata sufuria mapajani, imejaa matope, imebonyea upande. Bibi akaisugua kwa majivu, akawasha kuni, akasonga. Ukoko ulipobanduka, Ghati alitoka nyuma ya mlango, akachukua kipande, akakivunja karibu na sikio, ndipo akala. Akala vyote, ameelekea ukutani.

Marwa alikuwa amesimama nje ya mlango wa jikoni anatazama. Machozi yalimtoka na hakujisumbua kuyaficha.

“Nilitaka kumfurahisha mama,” akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika hata zizini. “Kumbe nimemnyima mtoto chakula.”

Mimi nilikuwa nimegundua kitu kingine: kile kipande karibu na sikio. Ghati alikuwa anakula sauti. Ndugu wa ukoko ni chakula kinacholia, na kule kwetu chakula kinacholia chenye kuongeza damu ni dagaa wa ziwani, akikaangwa bila mafuta hadi akauke kabisa. Bibi akaniambia kitu kingine, kwamba Marwa akitafuna mahindi ya kuchoma, Ghati humfuata na kumwekea sikio shavuni. Ndiye mtu pekee aliyemgusa kwa hiari.

“Basi utamtafunia dagaa,” nikamwambia Marwa. “Kila siku, jikoni, karibu naye.”

“Jikoni?”

Nisiwafiche: ningemwambia aende kanisani bila suruali angefikiria zaidi. Mwanamume wa Kikurya aliyetahiriwa haingii kukaa jikoni mwa mama yake. Hapo ni pa wanawake na watoto, na atakayeonekana amechuchumaa mafigani ataimbwa hadi kwenye minada.

“Bibi si anaweza kutafuna?” akajaribu.

Bibi Bhoke akafungua kinywa akatuonyesha. Yalikuwa yamebaki meno mawili, na hayakuwa yanatazamana.

Basi nikawa na wanafunzi wawili kwenye ngazi moja. Ghati alianza kwa kukaa chumba kimoja na dagaa. Marwa alianza kwa kukaa kizingitini, mguu mmoja ndani, mwingine nje, tayari kudai anapita tu. Ghati akamgusa dagaa kwa kidole. Marwa akaingiza mguu wa pili. Ghati akamnusa, Marwa akakubali kigoda, baada ya kufunga mlango. Sheria yake ilikuwa moja, kutafuna bila kusema “kula,” na kwa mtu yule kunyamaza kulikuwa kazi ngumu kuliko kuchimba mwamba. Alikaa ametoa macho, mashavu yamevimba maneno. Ghati akimwekea sikio shavuni, alikuwa anafumba macho.

Siku moja Ghati akachukua dagaa, akamvunja karibu na sikio, akamlamba. Nilikuwepo. Nilitazama paa. Marwa alitazama paa. Lakini Bibi Bhoke alikuwa ni bibi, na bibi wa Kikurya akiona jema hana breki. Vigelegele vyake vilitikisa vyungu. Ghati akaziba masikio, akamtupa dagaa motoni, akapiga kelele hadi akachoka, na baada ya hapo hakutaka kumwona dagaa hata kwenye ungo wa jirani. Tulirudi chini kabisa ya ngazi, na tarehe ya kliniki haikurudi nyuma pamoja nasi.

“Mama,” nikamwambia bibi kwa heshima zote nilizokuwa nazo, “furaha hapa jikoni hapana. Ikikubana, nenda ukaifanyie mtoni.”

“Mtoni ni mbali.”

“Ndiyo maana.”

Tukaanza upya. Tulikuwa tumefika mahali pa kuhesabu siku za kliniki kwa vidole, na mimi nilikuwa nimeanza kuota ule mpira. Kisha ikaja alasiri moja ya jua kali. Marwa yuko kigodani, ana majivu magotini. Ghati amekaa kati ya miguu yake. Akachukua dagaa. Akamvunja kichwa, akakiweka kando, maana macho ya samaki hakuyapenda. Kiwiliwili akakisikiliza, akakiweka mdomoni. Karakacha. Kopo la kutemea lilikuwa pale pale. Hakulitazama. Akameza.

Nikageuka kumtazama Bibi Bhoke. Alikuwa amejiziba kinywa kwa kanga, mikono miwili, mishipa imemtoka shingoni. Akanyanyuka, akatoka kwa kunyata, akavuka uwanja, akafika zizini, akaanza kukimbia. Mtoni alikukusudia kweli, mashahidi tunao. Lakini zile wiki zote za kunyamaza zilimshinda kwenye mteremko, na zilipotoka hazikutoka kama vigelegele. Lilitoka yowe.

Sasa fikirieni. Bibi kizee anakimbia kutoka zizini, kanga inapepea, anapiga yowe alasiri. Katika nchi ile yowe halina maana mbili, nalo haliulizwi maswali. Unaliitikia kwanza, habari utazikuta mbele. Jirani akalidaka akalipiga, wa mlima wa pili akalidaka, na kabla maji ya ugali hayajachemka mji wa Marwa ulikuwa umejaa wanaume wenye marungu, mapanga na pinde, wanahema. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Nyamhanga, jirani mwenye mvi na upinde uliomzidi urefu.

“Ng'ombe wameelekea wapi?” akauliza.

Nikatoka mlangoni nikamwonyesha kidole mdomoni, anyamaze.

“Shikamoo mzee. Hakuna ng'ombe.”

“Marahaba. Wameuawa?”

“Wapo zizini, wazima wote. Mtoto amekula dagaa.”

Mzee Nyamhanga alinitazama, akatazama mshale wake, akanitazama tena. Nyuma yake mtu mmoja akauliza kwa kunong'ona kama dagaa mwenyewe alikuwa na sumu. Hapo ndipo mlango wa jikoni ulipofunguka na Marwa akatoka. Majivu magotini, majivu matakoni, mwanamume mzima anatoka mafigani mbele ya wenzake wa rika wote. Kuna kijana aliyeanza kucheka.

“Ndiyo, nimekaa jikoni,” Marwa akasema polepole. “Nimekaa siku zote hizi. Binti yangu alikuwa anakufa na njaa mbele ya ugali. Leo amekula samaki. Anayetaka kucheka acheke, lakini acheke kimyakimya, mura, maana hapendi kelele.”

Kijana akaacha. Kabla mtu mwingine hajasema, Ghati mwenyewe akatokea nyuma ya baba yake, ameshika dagaa wa pili. Mtoto asiyevumilia kigelegele cha bibi yake anatazamana na jeshi. Mzee Nyamhanga, na Mungu amzidishie miaka, aliinama akaulaza upinde wake chini, taratibu, kama anayelaza mtoto. Wengine wakaona, wakashusha marungu, wakashusha mapanga, hata moja lisigonge jiwe. Mwenye kikohozi alijiziba kwa kofia yake. Wanaume wale wote wakasimama wakitazama angani, kila mmoja anatafuta wingu lake.

Ghati akamvunja dagaa. Kichwa akamwekea baba yake kiganjani. Kiwiliwili akala. Uwanja mzima ulisikia akitafuna.

Marwa akakitazama kile kichwa, akakitia kinywani, akakitafuna naye. Mzee Nyamhanga alinisogelea akaninong'oneza, “Mwalimu, ni wa pili huyu?” Nikatikisa kichwa kukubali. Akawageukia watu wake, akawaonyesha vidole viwili, na jeshi likaanza kuondoka kwa ncha za vidole. Walivuka mto. Walipanda mlima. Walipofika upande wa pili, huko mbali kabisa, tulisikia shangwe moja kubwa ikipasuka, na ndani yake sauti ya Bibi Bhoke.

Ghati aliinua kichwa, akasikiliza. Kisha akaingia jikoni kuchukua wa tatu.

Mpira hakuwekewa. Daktari alipima, akapima tena, akasema tuendelee na tunachofanya, na hakuna aliyemweleza ni nini hasa. Baada ya dagaa yalikuja mapera mabichi, kisha mbegu za maboga, kisha majani ya kunde yaliyokaushwa hadi yakalia. Ugali laini hajaula hadi leo. Anayetaka kumlaumu aje kwanza aniambie yeye mwenyewe hali nini.

Siku yangu ya kuagwa shuleni palikuwa na maturubai, kipaza sauti kilichogoma, na hotuba za watu waliokuwa hawajui nilikuwa nafanya nini. Ghati alikuja na baba yake, amekua, anakaribia kunipita urefu. Marwa ana kawaida sasa ya kutembea na dagaa wakavu kwenye mfuko wa shati, na wenzake wameacha zamani kumwuliza kwa nini. Tulipokaa kula, Ghati aliukagua wali wangu, hakuridhika nao. Akachukua dagaa mfukoni mwa baba yake, akamvunja, akamsikiliza. Kiwiliwili akala. Kichwa, ambacho tangu alasiri ile hajawahi kumpa mtu mwingine ila baba yake, akakiweka kwenye sahani yangu.

Nilikila, na macho yake na kila kitu. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye wali. Mkuu wa shule aliona, walimu wote waliona, Bibi Bhoke alikuwa amejiziba kinywa kwa kanga mikono miwili. Hakuna aliyepiga makofi.